Wimbo Uliotangulia Kufika

Jumapili moja nilikuwa ndani ya matatu ya kwenda Kilifi. Dereva alikuwa amefungulia redio, na kama kawaida ya Jumapili hapa Kenya, redio ilikuwa ikipiga muziki wa country. Tulipoingia kwenye foleni ya daraja la Nyali nikasikia maneno ninayoyajua tangu utotoni: mwanamume amemwacha mwanamke usiku, anaendesha gari, na katika kila mji anaofika, Phoenix, Albuquerque, Oklahoma, anawaza yule aliyemwacha anafanya nini saa hiyo. Nikatega sikio kungoja hadithi. Haikuja. Mzungu mwenye sauti laini aliimba beti zake tatu bila haraka, fidla zikampitia nyuma, na kabla matatu haijamaliza daraja wimbo ukawa umekwisha. Dakika tatu hazikutimia.

Nilishikwa na hasira ya kweli. Nilidhani mtu ameuchukua wimbo wetu, akaukata kichwa na miguu, akabakiza kiwiliwili.

Baadaye nikaulizia na kusoma, nikajua mambo yalivyo. Wimbo unaitwa By the Time I Get to Phoenix. Mzungu yule ni Glen Campbell, na aliurekodi mwaka 1967. Mtunzi wake ni Jimmy Webb. Wimbo wetu, yaani ule tuliokuwa nao nyumbani Bondeni, Mombasa, uliimbwa na Isaac Hayes mwaka 1969, na una dakika 18 na sekunde 42. Kwa hiyo aliyetangulia ni yule wa kwenye matatu. Wetu ndio kopi.

Santuri yetu aliileta ami, ndugu mdogo wa babangu, aliyekuwa baharia wa meli za mizigo. Alikuwa akipotea miezi tisa, kumi, kisha siku moja unarudi kutoka chuoni unakuta viatu vyake mlangoni. Chumba chake kilikuwa uani. Chini ya kitanda aliweka kasha la mbao, na ndani ya kasha santuri zake zilisimama wima zimefungwa kwa kanga kuukuu ya bibi, zisipate chumvi ya upepo. Hakuna mtoto aliyeruhusiwa kuligusa kasha lile. Tuliruhusiwa kukaa mkekani na kushika jalada, basi, tena baada ya kunawa mikono. Gramafoni nayo haikufunguliwa mpaka watu watoke sala ya Isha. Hiyo ilikuwa amri ya bibi, na Ami aliitii hata alipokuwa na mvi.

Jalada la Isaac Hayes lilituvutia kuliko yote. Huoni uso. Unakiona kichwa chake kutoka juu, kimenyolewa chote, kinang'aa kama sufuria iliyosuguliwa kwa majivu, na mkufu wa dhahabu shingoni. Albamu inaitwa Hot Buttered Soul. Ina nyimbo nne tu, na mbili kati ya hizo Marekani nzima ilikuwa inazijua tayari: huu wa Phoenix, na Walk On By, uliotungwa na Burt Bacharach na Hal David, akauimba Dionne Warwick mwaka 1964. Ukizijumlisha hizo mbili, zinakula zaidi ya nusu saa ya santuri.

Ami alikuwa na rafiki yake mpiga gitaa katika bendi ya hoteli moja ya ufukweni. Kila usiku alipiga kopi za nyimbo za watu kwa ajili ya watalii, na alizichukia kopi hizo kama mtu anavyochukia kazi inayomlisha. Kwake neno kopi lilikuwa tusi. Akija kwetu akikuta Hayes anaimba, alikuwa akisema huyu naye anapiga kopi tu, ila ya kwake ndefu. Ami hakubishana naye. Alimwambia, "Keti bwana, usikilize." Nami miaka yote hii nimekuwa nikimtafutia Ami jibu alilopaswa kumpa rafiki yake.

Sehemu ya jibu ni hii: Isaac Hayes hakupungukiwa na nyimbo zake mwenyewe. Alizaliwa mwaka 1942 Covington, Tennessee, akakulia katika ufukara, na kufikia katikati ya miaka ya 1960 yeye na David Porter walikuwa watunzi wakubwa wa kampuni ya Stax mjini Memphis. Soul Man ya Sam & Dave ni kazi yao. Hold On, I'm Comin' pia ni yao. Mtu wa aina hiyo haendi kuazima wimbo kwa sababu amefilisika.

Au pengine kwa namna fulani alikuwa amefilisika. Tarehe 4 Aprili 1968 Martin Luther King aliuawa hukohuko Memphis, katika hoteli ya Lorraine, mahali ambapo wanamuziki wa Stax walizoea kukutana. Hayes alieleza baadaye kwamba kwa muda wa mwaka mzima hakuweza kutunga ipasavyo, kwa uchungu na hasira. Na msiba haukuwa huo peke yake. Desemba 1967 ndege iliyombeba Otis Redding, mwimbaji wa Stax, ilianguka katika ziwa huko Wisconsin, akafa yeye na vijana wanne wa bendi ya Bar-Kays. Mmoja tu ndani ya ndege ile alitoka hai, Ben Cauley. Mwenzao mwingine, James Alexander mpiga besi, hakuwemo kwa sababu nafasi haikumtosha, akapanda ndege nyingine. Kisha mwaka 1968 Stax ikaachana na kampuni ya Atlantic na ikagundua kwamba mkataba wa zamani uliipa Atlantic rekodi zote ilizokuwa imezisambaza. Kampuni ikabaki na studio na watu, haina nyimbo.

Al Bell, aliyekuwa akiiongoza, akaamua kutoa albamu 27 kwa mkupuo ili kujaza ghala upya. Hayes alipewa moja kati ya hizo 27. Albamu yake ya kwanza ilikuwa imeshindwa sokoni, kwa hiyo hakuna aliyemwekea matumaini, na yeye akasema atarekodi atakavyo au hatarekodi kabisa. Akaingia studio ya Ardent na Bar-Kays wapya, waliojengwa upya na wale wawili waliobaki. Fidla na tarumbeta ziliongezwa baadaye Detroit.

Sasa rudi Bondeni, baada ya Isha. Ami anashusha sindano. Kwanza unasikia ule mchakacho wa santuri, kama mtu anayekaanga kitu chumba cha pili. Halafu kinanda cha Hammond kinashika sauti moja na hakiiachi. Besi inagonga palepale. Toazi linaguswa kwa ncha ya kijiti, ti, ti, ti. Na Hayes haimbi. Anaongea. Anaongea taratibu, kwa sauti ya chini kabisa, anamtaja kijana aliyetunga wimbo, anasema kila mtu anao mtazamo wake, na yeye atausimulia wa kwake. Anaanza hadithi ya mwanamume wa Tennessee aliyehamia Los Angeles, akampenda mwanamke, akamwoa, akamfanyia kazi usiku na mchana. Siku moja anarudi nyumbani mgonjwa na kumkuta mkewe na mwanamume mwingine. Anaondoka. Anarudi. Mara saba anaondoka na mara saba anarudi. Ya nane harudi tena. Zaidi ya dakika nane zinapita hivyo, na hapo ndipo, kwa mara ya kwanza, anapoimba ule mstari wa Phoenix. Ukiusikia baada ya safari yote hiyo, mwili unasisimka.

Kingereza changu cha utoto kilikuwa cha kuungaunga, lakini sikuhitaji kufasiriwa. Bibi yetu alitusimulia hadithi kila usiku. Paukwa, pakawa. Zote tulizijua mwisho wake. Tulichotaka ni jinsi atakavyotupitisha safari hii, atakaa wapi, atanyamaza wapi, atamwongezea nani maneno. Hayes alifanya vivyo hivyo. Namna ile aliigundua katika klabu moja ya Memphis: aliupenda wimbo wa Campbell aliousikia redioni, akataka kuuimba, watu wakawa wanapiga soga zao, basi akawaambia wapigaji washike sauti ya kwanza wasiiache, akaanza kuongea. Klabu ikanyamaza. Nadhani wengi mle ndani waliufahamu wimbo ule, na kwa kuwa waliufahamu waliweza kusubiri. Hebu mtu ajaribu kukusubirisha dakika nane kwa wimbo usioujua, utaondoka.

Kitu kimoja sikukijua nilipokuwa mkekani, na sasa siwezi kusikiliza bila kukiwaza. Anayegonga ile besi, palepale, bila kusogea, ni James Alexander. Yule ambaye ndege haikuwa na nafasi yake. Alikuwa bado kijana mdogo, na alikuwa ameshazika wenzake.

Santuri yetu ilikuwa na mkwaruzo. Ulikuwa katika maongezi, penye ile habari ya kuondoka na kurudi. Sindano ikifika hapo ilikwama. Mwanamume akageuza gari kurudi kwa mkewe, kisha akageuza tena, na tena, mpaka mtu ainuke aende akaisukume sindano kwa ncha ya kidole, polepole, isije ikaruka mbali. Ami alituachia sisi watoto kazi hiyo kwa zamu, nayo ilikuwa heshima kubwa. Usiku wa zamu yangu nilikaa karibu na gramafoni kutoka mwanzo, nimekunja vidole vingine vyote, nimenyoosha kimoja.

Mamangu yeye alikuwa mtu wa redio. Jim Reeves, Skeeter Davis, Don Williams: Kenya tuliwapenda kama ndugu zetu, na mpaka leo sijaona nchi nyingine ya Afrika inayoshikilia country hivi. Kwa hiyo Ami alipoleta albamu ya Ray Charles, Modern Sounds in Country and Western Music, mamangu alitoka jikoni mkono una unga. Nyimbo alizozijua kwa magitaa na sauti za puani sasa zilikuwa na tarumbeta zinazofoka, na kwaya kubwa nyuma, na sauti ya mtu aliyetoka kanisani na kilabuni kwa siku moja.

Albamu ile ni ya 1962. Wakuu wa kampuni yake, ABC-Paramount, walisitasita: mtu mweusi anayependwa kwa muziki wake aende akaimbe za Wazungu wa vijijini? Ila mkataba wake ulimpa uhuru wa kuchagua. Na watu walisahau kwamba kwake country haikuwa ugenini. Alikulia Florida, akiwa kipofu tangu umri wa miaka saba, akisikiliza kipindi cha country cha Grand Ole Opry redioni Jumamosi usiku, na ujana wake alipiga piano na bendi ya country ya Wazungu, Florida Playboys. I Can't Stop Loving You, wimbo wa Don Gibson, aliuweka karibu na mwisho wa albamu, wa kumi na moja kati ya kumi na mbili, mahali pa nyimbo zisizotarajiwa kitu. Kabla kampuni haijautoa peke yake, mwimbaji mwingine, Tab Hunter, alikopi mpangilio wa Ray Charles na kuurekodi. Kopi ya kopi. Hapo ABC ikakimbia, ikaufupisha, ikautoa, na ukakaa nambari moja Marekani wiki tano.

Mamangu aliusikiliza mara mbili. Akasema, "Huyu anaimba kama yamemfika." Halafu akarudi jikoni. Sijasoma uchambuzi wa Ray Charles uliopita huo.

Ile ya John Coltrane, mpiga saksafoni wa jazz, iliniingia kwa mlango mwingine kabisa. Shuleni tulikuwa tumeonyeshwa filamu ya The Sound of Music, na kila msichana wa darasa letu aliweza kuimba My Favorite Things, ule wimbo mwalimu anaowaimbia watoto walioogopa radi. Kwa hiyo Ami alipoweka santuri ya Coltrane yenye jina hilohilo, nilijua kinachokuja, nikajiandaa kuimba. Piano ya McCoy Tyner ikafungua, ikawa inazunguka palepale. Kisha ikaingia sauti kali, nyembamba, ya juu. Bibi akapaza sauti kutoka chumbani kwake:

"Nani huyo apigaye nzumari usiku huu? Harusi ya nani?"

Ami akamjibu, "Ni Mmarekani, mama."

Bibi akakaa kimya kidogo. "Mmarekani kajifunza wapi?"

Ilikuwa saksafoni ya soprano, ambayo wakati ule wanajazz wachache tu walikuwa wakiipiga, lakini bibi hakukosea hata kidogo. Ile sauti inayobana pua, inayopanda bila kuvuta pumzi, kila mtu aliyekulia pwani ameisikia ikitangulia ngoma za harusi. Na mapigo ya Elvin Jones chini yake, yanayokwenda tatu tatu na kuviringika, masikio yangu yaliyapeleka moja kwa moja kwenye chakacha. Nilisahau kuimba. Maneno yote ya masharubu ya paka na vifurushi vya karatasi yalikuwa yamebaki shuleni.

Hapa tena mpangilio wangu ulikuwa kinyume. Nilidhani Coltrane aliitazama ile filamu akaupenda wimbo. Kumbe alirekodi Oktoba 1960, na filamu ilitoka 1965. Yeye aliutoa katika mchezo wa jukwaani wa Rodgers na Hammerstein uliofunguliwa New York mwaka 1959, wimbo bado mbichi. Nyimbo zote nne za albamu ile ni za watu, na hii ya kwanza ina karibu dakika 14. Na hakuimaliza hapo. Aliendelea kuupiga mpaka karibu na kifo chake mwaka 1967. Huko Japani mwaka 1966 aliupiga kwa karibu saa nzima. Mtu anayekopi hafanyi hivyo. Yeye aliishi ndani ya wimbo ule kama nyumba ya kupanga, akabomoa kuta zake moja moja.

Si kila albamu ya namna hii inanigusa. Abbey Road ya Beatles ilipotoka Septemba 1969, George Benson aliingia studio majuma machache tu baadaye akairudia kwa gitaa na sauti yake, akaiita The Other Side of Abbey Road. Ni kazi safi, imepangwa vizuri, na ikiisha sibaki na kitu. Booker T. & the M.G.'s waliichukua albamu hiyohiyo mwaka 1970, wakaiita McLemore Avenue, jina la barabara ya studio yao ya Stax, na kwenye jalada wanaivuka barabara hiyo wanne, weusi wawili na Wazungu wawili, Memphis, miaka miwili baada ya King kuuawa. Jalada lile nimelitazama muda mrefu kuliko nilivyosikiliza santuri. Lakini mdundo wa Al Jackson, mpiga ngoma wao, nao, si wa kupita tu.

Sisi wenyewe tumewahi kuwa upande wa pili wa jambo hili. Malaika tunaujua kwa sauti ya Fadhili William, na ubishi wa nani hasa aliyeutunga haujaisha. Mwaka 1965 Miriam Makeba na Harry Belafonte waliuimba katika albamu yao ya pamoja, na miaka ya baadaye Boney M. nao wakauchukua. Niliwahi kukaa na Mjerumani mmoja pale Forodhani, Zanzibar, bendi ikaanza kuupiga, akaniambia kwa furaha kwamba wale vijana wanaimba wimbo wa Boney M. Sikumsahihisha. Nilikumbuka daraja la Nyali.

Maana bandarini vitu havifiki kwa mpangilio vilivyotengenezwa. Inafika meli iliyopata mizigo. Ami alishuka Mombasa na Hayes mkononi kabla mtu yeyote nyumbani hajamsikia Campbell, na basi, hiyo ndiyo Phoenix iliyojengwa kichwani mwangu, yenye kinanda na besi na mtu anayeongea gizani. Wa pili kuja alikuta pamekaliwa. Siku hizi nimejifunza kumpenda Campbell pia. Nimegundua kwamba beti zake tatu zinaacha nafasi kubwa katikati, na katika nafasi hiyo ndimo Hayes alimoweka dakika zake zote. Lakini nimempenda kama mtu anavyompenda jamaa wa mbali aliyemjua ukubwani.

Mwezi uliopita nilikwenda kumtazama Ami. Macho yamemwisha, miguu nayo si ya kutegemewa, ila masikio yake bado ya baharia. Gramafoni ilikufa zamani, na santuri mchwa walizipata majalada. Nilimpa shikamoo, nikakaa mkekani, stima ilikuwa imekatika. Nikamwambia, Ami, nimekuletea kitu, nikaufungua ule wimbo kwenye simu na kuiweka kwenye bilauri ili sauti ikue.

Hakusema neno. Kinanda kikashika. Toazi, ti, ti, ti. Hayes akaanza kuongea, akampeleka mtu wake Los Angeles, akamwoza, akamfanyisha kazi. Nikamwona Ami anajisogeza kitandani. Tulipokaribia pale penye kuondoka na kurudi, mkono wake ukatoka ndani ya shuka, akakunja vidole vinne, akanyoosha kimoja, akakishikilia hewani.

Mwanamume akaondoka mara ya saba, akarudi, akaondoka ya nane. Gari likaenda. Kidole cha Ami kilikuwa bado juu.